Wavutaji Saba Niliowazaa

Kwenye ule utafiti wa wavutaji wa sigara kuna watu saba niliowazaa mimi. Wa kwanza alikuwa mjane wa miaka themanini na moja, elimu yake shahada ya uzamili, kazi yake golikipa, sigara arobaini kwa siku. Wa pili alikuwa katekista mwenye wake wanne. Wa tatu alianza kuvuta akiwa na miaka miwili, akaacha akiwa na mitatu, akarudia alipoingia darasa la kwanza kwa sababu ya mawazo. Wengine siwakumbuki vizuri, na hilo nalo linaniuma, maana kuna mtu wa nane, huyo sikumzaa mimi, ndiye aliyeumia kwa ajili yao.

Naitwa Malimi, nyumbani Mkolani. Chuo nilisoma takwimu miaka mitatu, nikabakiza ripoti ya utafiti tu nimalize. Majirani wanadhani niliishiwa ada. Sikuishiwa ada, niliishiwa na uwezo wa kukaa chini. Nikianza kuandika ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili nakuta nimemchora mhadhiri akiwa na mkia.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya udadisi, mama alifurahi kama vile nimehitimu. Mdadisi ni yule mtu anayekuja kwako na kishikwambi, anakuuliza umri, dini, elimu, kazi, halafu anaanza kuuliza mambo ambayo hata mkeo hajawahi kuuliza. Sisi tulikuwa tunauliza sigara. Unavuta ngapi, ulianza lini, nani alikufundisha, umejaribu kuacha mara ngapi. Kundi letu lilipewa mjini na Igoma.

Msimamizi wetu alikuwa madam Getruda, Mkerewe, mama wa miaka hamsini hivi, mpole mpaka unamwonea huruma. Aliponiona najua mambo ya sampuli alinivuta pembeni akaniambia nikifanya kazi vizuri ataniandikia barua ya chuo, niruhusiwe kutumia sehemu ya takwimu hizi kumalizia ripoti yangu. Nikamwambia mama. Mama akawaambia Mkolani nzima.

Siku ya mafunzo, kwenye ukumbi mmoja pale Nyamagana, tukafika swali la kumi na saba. Unapovuta, moto wa sigara unakaa wapi? Moja, nje ya mdomo. Mbili, ndani ya mdomo. Tatu, vyote viwili.

Ukumbi ukacheka. Mimi nikasimama, nikachukua kalamu, nikaigeuza nikaiingiza mdomoni, nikatoa macho, nikawa najipepea masikio kama vile moshi unatokea huko. Watu wakalia kwa kucheka. Ngosha, rafiki yangu wa siku nyingi, alishuka chini ya meza.

Madam Getruda alisubiri tumalize. Akasema kuna watu, hasa kina mama wa umri mkubwa wa huku ziwani, wanavuta hivyo kweli, shangazi yake alikuwa mmoja wao. Akasema moto ule unaunguza juu ya mdomo kwa ndani, miaka ikienda panaweza kutokea kidonda kibaya, na ndiyo sababu swali limewekwa. Kila atakayejibu mbili atatumiwa ujumbe kwenye simu aje kuangaliwa bure na daktari wa kinywa, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya nne, hapo hapo ukumbini. Siku mbili tu, daktari ana sehemu nyingine za kwenda.

Nilisikia yote hayo. Siwezi kusema sikusikia.

Sasa, utaratibu wetu ulikuwa huu: kila jioni mnabadilishana vishikwambi na mwenzako, unakagua fomu zake kabla hazijatumwa, na zikitumwa zinabeba namba ya kundi tu, si jina la mdadisi. Ukiona kosa unaifuta au unamrudishia. Mkaguzi wangu alikuwa Ngosha. Siku ya pili ya kazi mvua ilitubana kwenye kibanda cha fundi wa kuchomelea, na mimi nikibanwa sehemu napata shida. Nikajaza fomu ya yule golikipa mjane ili Ngosha akikagua jioni acheke. Nikampa na moto ndani, maana bila huo kichekesho kilikuwa hakijakamilika.

Ngosha alicheka mpaka akajikunja. Alitakiwa kubonyeza futa. Akabonyeza tuma.

"Kesho niletee mwingine," akasema.

Nikamletea. Katikati ya wavutaji wa kweli, wapiga debe, walinzi, mafundi gereji wanaoapa kwamba Jumatatu wanaacha, nilikuwa napachika mmoja wa kwangu. Wote saba nikawapa moto ndani. Wote saba nikawapa namba za simu kutoka kichwani.

Bibi Adoyo nilikutana naye mwishoni mwa wiki ya kwanza. Anakaa Igoma, nyumba ya vyumba vitatu ukitoka barabara ya Musoma kidogo, yeye na binti yake Amondi ambaye ni fundi cherehani. Bibi anauza dagaa. Asili yake ni Shirati, alikuja mjini alipofiwa na mume wake, mzee Ooko.

Nilimkuta uani anapepeta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umechelewa. Nimekungoja mpaka nimezeeka."

Nikajua hapa nimepata mwenzangu. Nilipomuuliza umri alisema kitambulisho kinasema sitini na nane lakini magoti yanasema zaidi, niandike ninayemwamini. Elimu, darasa la nne, tena la nne lile la zamani ambalo lilikuwa na viboko ndani yake. Ndoa, ameolewa mara moja na imetosha. Kila jibu lilikuwa na kofi la mgongo. Fomu ya dakika hamsini tukaifanya kwa saa moja na nusu, na sikuona muda unaenda.

Tulipofika kwenye sigara alitazama mlangoni. Ndani cherehani ya Amondi ilikuwa inakwenda.

"Hicho kidude chako kinasema kwa watu?"

Nikamwambia hapana, jina halitoki, inatoka namba tu.

"Na kanisani?"

"Hata kanisani, bibi."

Akanipeleka nyuma ya bafu la mabati. Akatoa sigara moja kwenye pindo la kanga, akaiwasha, akavuta pumzi ya kwanza kawaida. Halafu akaigeuza. Moto ukaingia ndani, midomo ikafunga, ikabaki ncha nyeupe kidogo tu kama kijiti cha meno. Na akaendelea kuongea. Huyo mama alikuwa anaongea na moto mdomoni, mimi nimesimama pale na ile kalamu yangu ya mafunzo ikinirudia kichwani.

Alisema mama yake alimfundisha shambani. Ukilima na mtoto mgongoni, majivu hayamdondokei. Manyunyu hayazimi. Ukiwa ufukweni unaanika dagaa, upepo wa ziwa haukulii sigara yako. "Na mume akipita haoni kitu," akasema. "Anaona mke anatafuna."

Nikabonyeza mbili. Kwa mara ya kwanza nikaibonyeza kwa ukweli.

Halafu akazima kile kipisi ukutani, akanisogelea, sauti ikashuka. "Sasa wewe msomi, nyakwara, mjukuu wangu, niangalie hapa." Akafungua mdomo, akainua kichwa. Nikawasha tochi ya simu.

Juu, kwa ndani, palikuwa peupe kama utando wa maziwa yaliyopoa, na vidoa vyekundu vidogo vidogo. Upande wa kushoto palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi, kingo zake zimenyanyuka. Nikamuuliza tangu lini. Tangu mvua za vuli, akasema, na sasa uji wa moto unamuuma na pilipili ameacha. Hajamwambia Amondi, maana akimwambia kidonda itabidi amwambie na sigara.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamweleza habari ya daktari, Alhamisi na Ijumaa, bure, ujumbe utakuja kwenye simu. Alinifanya niandike namba yake mara mbili kisha nipige nihakikishe. Ikalia kifuani kwake. Akacheka, akaiangalia kama kifaranga, akasema basi usiku hataizima tena.

Jumatano iliyofuata madam Getruda akatuita wote ukumbini asubuhi. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema makao makuu Dar wameona maajabu kwenye fomu za kundi letu. Akasoma ya golikipa. Hakuna aliyecheka, maana alisoma taratibu, kama tangazo la msiba. Akasema waliojibu mbili kwenye swali la kumi na saba ni wanane. Amepiga namba tatu: moja ni ya marehemu, moja ya fundi magari wa Geita aliyemtukana, ya tatu haipo. Dar wakamwambia aache kupiga.

"Mimi najua wanawake wa hivyo wapo," akasema. "Katika hawa wanane inawezekana yupo wa kweli. Namtaka mtu mmoja tu aniambie zake ni zipi. Nitazitoa hizo, wa kweli atabaki. Msiposema, Dar wanawafuta wote wanane."

Akaongeza, kwa haki, kwamba atakayejulikana hana kazi, na jina lake litapelekwa kwa kila anayeajiri wadadisi.

Ukumbi ulikuwa na feni moja, ilikuwa inalia. Kichwani nilimwona bibi Adoyo ameinua uso, mdomo wazi. Nikaona na barua yangu ya chuo. Na mama, na Mkolani yake. Chini ya meza Ngosha akanikanyaga mguu.

Nikaangalia feni.

Nje Ngosha akaniambia, "Kausha, mwanangu. Fomu nane kwenye elfu moja na mia mbili, nani atalia?" Nikapiga hesabu kichwani, chini ya asilimia moja. Hivyo ndivyo usomi wangu ulivyonifaa siku hiyo. Miaka mitatu ya takwimu ikanipa namba ya kunyamazia.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini usimchukue bibi ukamleta tu kwa daktari? Niliuliza na mimi. Daktari anapokea walio kwenye orodha, na nikimleta mtu ambaye fomu yake imefutwa, madam ataniuliza nimejuaje kwamba katika wanane huyu ndiye wa kweli. Jibu ni moja tu. Kwa hiyo kila nilipoanza kuelekea kwa bibi nikajikuta nimekata kona.

Zikapita siku. Mtaa wake ukipangwa kwangu, nabadilishana na Ngosha. Lakini Igoma si kubwa kiasi hicho. Siku moja kituoni nikasikia, "Mume wangu, mbona unanikimbia, umepata kijana zaidi yangu?" Watu wakacheka. Akaja karibu akaniuliza kwa sauti ndogo kama ujumbe umeshatumwa, maana simu yake ni ya zamani, pengine haipokei.

Nikamwambia bado wanapanga orodha.

Yeye ndiye akanifariji mimi. Alisema watu wa ofisi wana mambo mengi, nisijisumbue, najitahidi. Alikuwa anatafuna upande mmoja wakati anaongea. Akanifungia dagaa kwenye gazeti, nikagoma, akanisukumia kwapani. Usiku ule mama aliwakaanga na nyanya. Nilikula. Walikuwa wazuri, na nilikula wote.

Alhamisi ya wiki ya nne daktari akaja. Daktari Rebeka, kijana tu, ana taa ya kuvaa kichwani. Wakampangia viti ishirini. Kufika saa nne walikuwa wamekuja watu watatu wa kutoka kundi la Ilemela, akawaangalia, wakaondoka. Baada ya hapo alikuwa anachezea simu. Mimi nilitumwa kumpelekea chai, akaniuliza kama huku mjini watu wana vinywa vya chuma.

Mchana nikaenda Igoma. Sikwenda kwa bibi, nilikwenda tu Igoma, kama mtu anayepita. Ng'ambo ya mtaa wao kuna duka la magodoro, yanapangwa nje. Nikasimama nyuma ya magodoro.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Ameoga, amevaa gauni la kanisani, la bluu, na viatu vya kufunika. Simu iko mapajani. Nilikuwa nimemtajia Alhamisi kwa mdomo wangu mwenyewe. Kila baada ya muda alikuwa anaichukua anaiinua juu kwa mkono ulionyooka, anatafuta mtandao, anaishusha anaiangalia, anaiweka. Mara akaiinua huku amesimama kwenye kiti. Muuza magodoro akaniuliza nataka futi ngapi. Nikaondoka.

Usiku sikulala, na sitaki kuusimulia, haukuwa na lolote zaidi ya dari.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya madam Getruda kabla hajafungua, lakini siku hiyo alianzia Ilemela, akafika saa nne na nusu. Nilikuwa nimepanga maneno. Yakakimbia yote, nikasema, "Madam, saba ni wangu. Wa nane ni mtu."

Hakuuliza nani. Aliweka funguo mezani, akakaa. Aliniuliza kidonda nilikiona mimi mwenyewe? Nikasema ndiyo, kwa tochi. Akauliza kilikuwaje. Nikamweleza. Alivua miwani.

"Siku kumi na sita, Malimi."

Nikasema ndiyo.

"Daktari anaondoka saa saba. Kamlete. Mengine utayasikia ukirudi."

Nikachukua bodaboda mpaka Igoma. Mlangoni hayupo, kiti hakipo. Amondi alikuwa kwenye cherehani yake, sindano mdomoni. Akaniuliza namtafutia nini mama yake. Hapo nikakwama. Siri nilimwapia bibi kwamba haitoki. Nikasema ni mambo ya meno, kuna daktari wa bure.

Amondi akatoa sindano mdomoni, moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Mama meno hayamsumbui. Anavuta. Anageuza moto ndani. Unafikiri mimi sijui? Kanga zake nafua mimi." Kisha akasema, "Kuna nini? Sema."

Nikasema ana kidonda mdomoni. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alijua sigara, hakujua kidonda. Walikuwa wanafichana ndani ya vyumba vitatu, kila mmoja anamwonea mwenzake aibu.

Akapiga simu. Bibi alikuwa Mwaloni, soko la samaki kule Kirumba, ameenda kuchukua dagaa. Nilimsikia kwenye simu akisema jana amepoteza biashara ya siku nzima kungoja wapuuzi, leo hapotezi. Amondi akaongea naye Kijaluo, maneno machache, akakata. "Anakungoja getini. Wahi."

Mpaka Kirumba na kurudi mjini ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Bibi alipanda bajaji na gunia lake la dagaa, hakukubali kuliacha. Hakunitania. Alisema tu, "Umemwambia Amondi." Nikasema alikuwa anajua. Akageukia upande wa barabara mpaka tukafika.

Daktari Rebeka alikuwa ameshafunga begi. Madam Getruda alikuwa amesimama mlangoni, nadhani alikuwa amemzuia kwa mwili. Wakamkalisha bibi kwenye kiti kimoja katika vile ishirini, taa ikawashwa. Daktari alianza akiwa anaongea, anamuuliza habari za biashara. Halafu akasogeza kichwa karibu. Akabonyeza pembeni kwa kidole chenye glovu, bibi akashika mkono wa kiti.

Daktari alisema kwa lugha nyepesi. Weupe ule ni wa miaka, hauna shida kubwa. Kidonda ndicho hakipendi. Atakata kinyama kidogo sana, kipimwe hospitali, majibu baada ya wiki mbili. Akakata hapo hapo, kwa ganzi, akaweka kwenye kichupa. Nilimfuata nje alipokuwa anapakia gari. Nikamuuliza, kama angeonekana siku kumi na sita kabla ingekuwa tofauti?

"Sijui," akasema. "Na ningejua nisingekwambia ili ukalale." Kumbe alikuwa ameshaelezwa.

Nikarudi ndani. Bibi amekaa na pamba mdomoni, mkono kwenye shavu, gunia kati ya miguu. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia yote. Golikipa, katekista, mkutano, feni. Nikamwambia ujumbe haukuja kwa sababu yangu, na siku ile kituoni nilimdanganya, na jana nilikuwa nyuma ya magodoro. Nilitegemea atanipiga. Nilitamani anipige, kusema kweli, ingekuwa rahisi.

Akatoa pamba, akaiangalia damu, akairudisha upande. Akaongea kwa shida.

"Hao saba wako. Wapo?"

"Hawapo bibi. Niliwatunga."

"Basi na mimi ulinitunga."

Akasimama, akaita gunia libebwe. Nikainama kulichukua. Akasema si wewe. Akalibeba mlinzi.

Madam Getruda alinipa karatasi nikaandika maelezo yangu, nikasaini. Ngosha sikumtaja, ingawa alinitazama siku hiyo kama mtu anayengoja kutajwa. Baadaye nikasikia alikwenda kujitaja mwenyewe. Barua ya chuo ilikuwa imeshachapwa, niliiona mezani kwake, ina jina langu. Hakuichana, aliigeuza tu uso chini. Nyumbani nilimwambia mama nimefukuzwa na kwa nini. Alikuwa anapika. Akaendelea kupika.

Majibu yalipotoka Amondi alinipigia. Sijui kwa nini alinipigia, pengine alitaka mtu wa kumkasirikia aliye karibu. Kilikuwa ni kile tulichokiogopa, saratani. Kingali kidogo, kasema daktari, hakijashuka shingoni, lakini lazima wakate sehemu ya juu ya mdomo, na itachukua muda kujua kama kimetoka chote. Nikamuuliza kama naweza kuja. Akasema hospitali haina mwenyewe.

Nikaja siku ya tatu baada ya kukatwa. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Bibi alikuwa amepungua, uso umevimba upande mmoja, mdomo umezibwa na pamba nene, mpira mwembamba unaingia puani. Aliniona nikiingia, akanifuata kwa macho mpaka nikafika. Nikasema shikamoo. Hakuweza kujibu, na mimi sikujua kama angetaka. Amondi alikuwa anakunja kanga, moja ilikuwa na tundu dogo la moto kwenye pindo, akaikunja hiyo ndani ya nyingine.

Nina vichekesho vingi mimi. Vilikuja vyote pale, kwa mazoea, vikajipanga. Daktari alikuwa ameshawaonya kwamba asicheke, nyuzi zitaachia. Nilisimama tu mikono imening'inia, nikagundua sijui kukaa na mtu mgonjwa bila kumchekesha. Sijawahi kujifunza kitu kingine.

Nesi akaja na daftari la wanaohudumia wagonjwa. Akaandika jina la Amondi, binti. Akanigeukia.

"Na huyu ni nani yake?"

Nilimwangalia Amondi. Amondi akamwangalia mama yake. Nesi akangoja, kalamu juu ya karatasi.

Bibi Adoyo alinitazama. Kisha akainua mkono taratibu kutoka kwenye shuka, akaonyesha ndoo ya plastiki chini ya kitanda, halafu akaonyesha mlango.

"Anasema kachote maji," Amondi akasema.

Nikachukua ndoo. Nilipokuwa naingia kwenye korido nikamsikia nesi anauliza tena, sasa niandike nani, na sikusikia alijibiwa nini, maana bomba lilikuwa mbali, upande wa jikoni, na foleni ilikuwa ndefu.